Shule Iliyopanda Basi

Jambo nitakalolitetea mbele yako ni jambo ambalo watu wengi huliona dogo, na kwa kuwa huliona dogo hawajapata kulifikiri hata kwa muda wa robo saa. Ni habari ya mtoto aachwaye nyuma siku ambayo darasa lake linakwenda safari. Nasema ya kuwa shule ya umma inayolipeleka darasa safari, ikawaacha baadhi ya watoto wa darasa hilo kwa sababu ya fedha, inatenda dhuluma. Na kwamba ikiwa haiwezi kuwachukua wote, basi haifai kumchukua hata mmoja. Najua kuwa maneno haya ni makali. Wako walimu wema ninaowaheshimu wasioyakubali, na yamkini wewe pia hutayakubali, hasa ikiwa ulikuwa miongoni mwa waliokaa dirishani.

Nitachukua mfano wa Silibwet, kwa kuwa shauri lisilo na mahali halishikiki. Silibwet ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Bomet, jirani ya mji wa Bomet wenyewe na ya Hospitali ya Tenwek. Vilima vyake vimevaa chai. Lakini chai hii si ya mashamba makubwa ya makampuni, kama yale ambayo msafiri huyaona akipita upande wa Kericho. Aghalabu ni ya wakulima wadogo, kila boma na kipande chake, pamoja na mahindi kidogo na ng'ombe wawili watatu. Tofauti hii ina uzito katika maneno yetu. Mtoto wa Silibwet kwa kawaida ni mtoto wa mkulima mdogo au wa mchumaji. Fedha za nyumbani kwa mkulima huja kidogo kidogo kila mwezi, kwa hesabu ya kilo za majani mabichi yaliyopimwa kituoni, kisha bonasi huja mara moja kwa mwaka. Bonasi yenyewe haina ahadi: mwaka 2025 wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walinung'unika kwa sauti kubwa kwamba yao ilikuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya bonde hilo. Na kichaka cha chai hakiulizi ni lini shule imepanga safari. Jua likizidi au baridi ikishuka, machipukizi hupungua, na kikapu kilichojaa mwezi uliopita hurudi nusu.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyokwenda. Sitaji shule, maana desturi hii haina shule moja. Imeenea nchini kote. Barua huletwa nyumbani ikisema kuwa darasa la sita litakwenda kuona wanyama katika Maasai Mara, au kuona meli Kisumu, na kwamba kila mtoto atoe kiasi fulani kabla ya siku fulani. Kwa muda wa wiki tatu safari huwa ndiyo habari ya darasa. Siku ikikaribia, majina husomwa kwenye gwaride la asubuhi: waliolipa upande huu, waliolipa nusu upande ule. Wasiolipa chochote hawana upande, hubaki waliposimama. Alfajiri ya siku yenyewe basi hunguruma uwanjani, chapati na mayai ya kuchemsha yamefungwa, viatu vimepakwa rangi, na watoto huondoka wakiimba. Wale saba au kumi waliobaki hupelekwa kuketi na darasa la tano, nyuma kabisa, wakarudia masomo waliyokwisha kuyasoma mwaka uliopita. Au huambiwa wasije shuleni siku hiyo, nao hukaa nyumbani wakachuma chai. Jioni picha huwasili katika simu za wazazi, kila mzazi akitafuta uso wa mwanawe.

Nayo si mwisho. Kesho yake mwalimu wa Kiswahili huingia darasani na kuandika ubaoni: Andika insha juu ya safari yetu. Nakuomba, msomaji, ulitazame neno hilo "yetu". Mtoto aliyebaki ana njia tatu. Aweza kuacha karatasi tupu akahesabiwa mvivu. Aweza kubuni simba ambaye hakumwona, akapata alama kwa uongo. Au aweza kuandika kuwa alikaa nyuma ya darasa la tano siku kutwa, na insha yake ikasomwa kwa sauti mbele ya wenzake, wakacheka. Mimi sijui somo katika mtaala wetu lililokusudiwa kufundisha lolote katika mambo hayo matatu.

Hoja yangu ya kwanza ni nyepesi kueleza. Shule si kuta wala bendera. Shule ni walimu na wanafunzi wakutanapo kwa ajili ya masomo. Siku ya safari walimu wamo ndani ya basi, wanafunzi wamo ndani ya basi, na somo limo njiani. Kwa hiyo shule yenyewe imepanda basi, na kilichobaki kiwanjani ni majengo. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kupanda amefukuzwa shule kwa siku moja kwa kukosa fedha, ijapokuwa hakuna aliyemwambia nenda nyumbani. Nchi yetu imekwisha kulikataza jambo hilo. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 29, yaruhusu shule ya umma kutoza malipo mengine yakikubaliwa na Waziri kwa mashauriano na bodi ya elimu ya kaunti, lakini kwa sharti kwamba mtoto yeyote asikataliwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Mwanasheria aweza kubishana nami juu ya maana ya neno kuhudhuria. Na abishane. Mimi namwuliza mtoto aliyeketishwa na darasa la tano kama alihudhuria darasa la sita siku ile.

Historia yetu yatuonyesha mlango ambao malipo ya namna hii huingilia. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, na watoto wakamiminika. Muda si muda kamati za shule zikaanza kudai fedha za ujenzi, ambazo mahali pengi zilikuwa kubwa kuliko karo iliyoondolewa, na watoto wengi wakarudi nyumbani walikotoka. Karo ilikuwa imetolewa mlangoni ikarudi dirishani kwa jina jingine. Ilipofika mwezi wa Januari 2003 karo iliondolewa tena, mara hii katika shule zote za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Mambo hayo yote yalihusu ada, madawati na matofali, kwa kuwa wakati huo watu walidhani elimu ni hayo. Tangu mwaka 2019 tunao mtaala wa umilisi, ambao wataka mtoto ajifunze kwa kuona, kugusa na kutenda. Ni jambo jema. Lakini kadiri somo linavyotoka nje ya darasa, ndivyo linavyozidi kuwa na nauli. Na penye nauli pana mtoto atakayebaki. Tusipojihadhari tutakuwa na elimu ya bure ndani ya kuta nne na elimu ya kulipia nje yake, na ile ya nje ndiyo itakayosifiwa.

Kuna mfano mwingine ambao wazee wetu waukumbuka kwa furaha. Kuanzia mwaka 1979 watoto wa shule za msingi waligawiwa maziwa bure, yaliyojulikana kwa jina la maziwa ya Nyayo. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, wala sitaki kumsifu mtu kwa ajili yake, na katika miaka ya 1990 ulififia. Lakini ulikuwa na fadhila moja ambayo haiwezi kukanwa: maziwa yalipofika, mtoto hakuulizwa baba yake ana nini. Waliokuwa na ng'ombe kumi nyumbani na wasiokuwa na mbuzi walikunywa maziwa yale yale, saa ile ile, chini ya mti ule ule.

Wapo wasemao kwamba safari ni ya hiari, na asiyetaka hakulazimishwa. Neno hiari ni neno zuri, lakini halifai kutumiwa palipo na mtu mwenye njia moja tu. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme nauli na chakula ni shilingi 1,500, na mkulima hulipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi. Safari hiyo ni kilo 60 za chai. Kilo 60 si kazi ya asubuhi moja. Na katika kilo hizo ametolewa kwanza mchumaji wa kibarua haki yake, ikatolewa mbolea, ikatolewa dawa ya mtoto mdogo anayekohoa. Mama aliye na watoto watatu katika shule hiyo hiyo huhitaji kilo 180. Mama huyo anapoamua kununua unga hakuchagua kwamba mwanawe asione Maasai Mara. Kumwambia mtoto kuwa mzazi wake hakutaka ni kumwongezea huzuni ya pili juu ya ile ya kwanza, tena ni kumsingizia mzazi.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote za upande wa pili ni hii: Kwa nini watoto thelathini waliolipa wanyimwe kwa ajili ya kumi wasioweza? Mzazi aliyejinyima akalipa hakumkosea mtu. Je, haki ni kumshusha aliye juu ili awe sawa na aliye chini? Hoja hii naiheshimu, na asiyeiheshimu hajui uchungu wa mzazi. Hata hivyo nadhani yasimama juu ya msingi uliopinda, maana yadai kuwa hakuna chaguo ila mawili tu, yaani safari ya mbali kwa baadhi au kukaa kitako kwa wote. Mzazi mwenye uwezo anayo siku ya Jumamosi, anazo likizo, na hapana mtu atakayemzuia kumpeleka mwanawe mbugani. Siku ya Jumatano yenye walimu na darasa si mali yake peke yake. Tena shule ina njia zake. Yenye kipande cha chai chake yenyewe yaweza kutenga mavuno ya miezi miwili. Isiyokuwa nacho yaweza kugawanya gharama bila kutangaza jina la mtu, walio nacho wakitoa zaidi kidogo, kama kokwet nzima ichangavyo mtu anapopata msiba; watu wa nchi hii hawakuanza jana kusaidiana. Na ikiwa njia zote hizo zimeshindikana, iko safari ambayo haina nauli kabisa. Hii nataka kuikalia kwa kitambo, kwa kuwa ndiyo isiyofikiriwa.

Karibu na Silibwet hupita mto uitwao Nyangores. Watoto wa hapo wameuzoea hata hawautazami. Mto huu hutoka katika Msitu wa Mau, hushuka kati ya mashamba ya chai na mahindi, na chini yake kidogo, penye maporomoko ya Tenwek, nguvu ya maji yake hugeuzwa umeme unaotumiwa na hospitali. Wapita Bomet, ukaendelea kusini hata ukutane na mto wa Amala, nao pia mwana wa Mau. Na mito hiyo miwili ikiisha kuungana hupata jina jipya, jina ambalo dunia nzima yalijua: Mara. Ndiyo Mara ile ile ambayo nyumbu huivuka kwa maelfu kati ya Julai na Oktoba, mamba wakiwangojea, na watu wa Ulaya na Marekani huruka usiku kucha angani ili waione. Kisha mto huingia Tanzania, hupita Serengeti, hulala katika vinamasi, na mwisho humwagika katika Ziwa Victoria, katika mkoa uliopewa jina lake.

Basi fikiri, msomaji. Basi la shule huwachukua watoto thelathini kwa fedha nyingi kwenda kuyatazama maji ambayo yalipita nyumbani kwao. Na mtoto aliyeachwa nyuma, yule wa nyuma ya darasa la tano, jioni hutumwa mtungi na kuteka maji hayo hayo kabla hayajafika kwa viboko. Hapana aliyemwambia. Angeambiwa, angejua kuwa udongo wa shamba la baba yake, mvua inapouosha kilimani na mto ukawa mwekundu, ndio unaoshuka hata mbugani. Kwamba mti ukatwao Mau ni kiu ya pundamilia wa mbali. Kwamba ukanda wa chai uliopandwa kando ya misitu ya serikali tangu mwaka 1986 uliwekwa kama boma la kuuzuia msitu usiliwe na mashamba. Mwalimu mwenye chupa tupu ya kioo aweza kuteka maji, kuyatuliza, na kuwaonyesha watoto kina cha udongo uliotua chini. Aweza kupima mwendo wa maji kwa kijiti na saa. Aweza kuwauliza watoto arobaini, kila mmoja kwa zamu, ni nani huoga juu yao na ni nani hunywa chini yao. Hilo ni somo la jiografia, sayansi na uraia pamoja, na hugharimu miguu tu. (Sisemi kwamba halina hatari. Wakati wa mvua kubwa mto huu si wa kuchezea, na walimu watatu hawatoshi kwa darasa kubwa. Waitwe wazazi wasaidie kulinda. Mzazi asiye na fedha anao macho na sauti.)

Kadhalika katika habari ya chai yenyewe. Kaunti ya Bomet ina viwanda vya wakulima wadogo, kama Kapkoros na Tirgaga. Mtoto wa Silibwet anayejua tangu utoto namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi moja, mara nyingi hajapata kuona yatokeayo baada ya lori kuondoka kituoni: majani yanyaushwavyo kwa upepo, yasagwavyo, yanavyoachwa kubadili rangi kutoka kijani kuwa hudhurungi, yakaushwavyo kwa moto, na kuchambuliwa kwa ukubwa wa chembe kabla ya kupelekwa kwenye mnada wa Mombasa. Katika safari kama hiyo mpangilio wa darasa hupinduka. Mtoto wa mchumaji, ambaye katika basi la Maasai Mara angekosa kiti, ndiye hapo awezaye kueleza kwa nini jani gumu hukataliwa kwenye mizani. Mtoto wa mwenye duka humsikiliza. Nimesema kuwa shauri langu ni la haki, lakini naona laweza pia kuwa shauri la elimu iliyo bora.

Yuko na mtu wa tatu wa kujibiwa, naye ni yule asemaye kwamba mtoto lazima ajifunze kuvumilia, kwa kuwa dunia haimpi kila mtu sawa. Huyu simjibu kwa maneno mengi. Mtoto wa maskini hufundishwa uvumilivu kila siku na njaa, na mvua, na kiatu kilichotoboka. Hahitaji shule imwongezee kipindi. Na ikiwa uvumilivu ni somo la lazima, mbona halifundishwi waliolipa?

Tena tusidhani kuwa kupanda basi ndiko kumaliza upweke. Yuko mtoto ambaye nauli yake ililipwa na mtu mwingine, na msaidizi wake akalitangaza jambo hilo mpaka kila mtu akajua. Basi linaposimama Narok na wenzake wakashuka kununua soda na viazi, yeye hujifanya amelala. Yuko mlemavu wa miguu, ambaye mwalimu husema kwa upole kwamba afadhali abaki kwa usalama wake, na maana yake ni kwamba atatuchelewesha. Shule yenye akili hupima safari kwa mwendo wa huyu kwanza, kisha huangalia ramani; hukataza fedha za mfukoni kwa wote, au huzikusanya zikanunua kitu kimoja cha kugawana; hupanga viti kwa orodha, wala haiachi urafiki upange, maana urafiki wa watoto wa miaka kumi na miwili una ukatili wake.

Msomaji wangu wa sekondari, labda wajiona umeyapita mambo haya. Hujayapita. Chama chenu cha wanafunzi kitapanga ziara kabla ya mwaka kwisha, na wewe waweza kuwa katibu wake. Utakuwa na karatasi yenye safu ya majina na safu ya fedha, na watu watakuuliza maswali mengi: basi la nani, chakula gani, tutarudi saa ngapi. Uliza wewe swali moja kabla ya hayo yote, ulize kwa sauti katika mkutano, na ulitake jibu kwa hesabu wala si kwa huruma: Wangapi watabaki? Wakikwambia ni wanne, sema basi tuketi chini tutafute mahali pengine pa kwenda, au fedha nyingine, au siku nyingine. Watakukasirikia. Mmoja atasema kuwa wanne ni wachache kati ya arobaini na watano. Mwombe ayasome majina yao.